Mlango wa bibi uko kwa Mwanaidi

Saa kumi na dakika tano nimefika Mazinde kwa Mwanaidi, kwenye ile nyumba ya zamani ya meneja wa shamba la mkonge aliyoikarabati. Kuta za mawe ameziacha, jiko ni la kisasa kabisa. Wivu umeniuma, rafiki yangu Naitoi.

Meza ya sebuleni ni mlango! Mlango wa mninga wa bibi yangu, chini ya kioo!

Ule niliompa nilipoweka wa alumini kwangu. Nilimwambia ni kuni.

Nikatoa futi yangu ya kushonea, nikapima. Ndio wenyewe.

"Maryamu, unaishonea gauni?" Mwanaidi akaniuliza.

"Bibi alichonga alama ya urefu wangu hapa kila mwaka."

"Najua, ndiyo maana sikuupiga randa. Nikurudishie?"

Kuni, nilisema. Kuni!

Nikajibu hapana. Akaniwekea chai juu ya alama ya miaka saba.