Fimbo ya Feruzi Imelala Kitandani Pako

Inamahoro, dada yangu wa mlimani,

Amahoro, amani kwako. Najua hukujua kusoma, na mimi nimesoma kidogo tu. Mwalimu wa chuo kule Ujiji alinifikisha juzuu ya Amma, kisha nikaolewa. Basi nitaandika polepole, na nikimaliza nitakusomea kwa sauti hapa jikoni, kwenye kigogo chako. Nimeinjika maharage, yanachukua muda wake, nina nafasi.

Nimechoka, dada. Nianze na hilo maana wewe ungeliona kabla sijafungua mdomo. Tangu tulipokuzika nyuma ya migomba, nyumba hii ya wageni imekuwa kubwa. Zamani ilikuwa ndogo, tukipika tunagongana makalio, wewe unacheka. Sasa kutoka jikoni mpaka kwenye mtungi ni safari. Nyasi za paa upande wa bondeni zimeoza, mvua inaingia pale pale walipokuwa wakilala wabeba chumvi. Nimewahamishia karibu na mbuzi. Hawanung'uniki, maskini. Mtu aliyepanda kutoka Rumonge na mawese kichwani akipewa nyasi kavu na moto, atanung'unika nini? Ila mimi naona haya. Na wageni wenyewe wamepungua. Wadachi wamefungua njia pana ng'ambo ya mto, wengi wanapita huko. Wanaokuja kwetu ni wale wa zamani, na wapagazi wa serikali wanaokimbizwa kama ng'ombe.

Mwanaidi, binti yangu, kaniletea salamu kutoka Rumonge. Mume wake amejenga chumba pembeni, kina mlango wake, ziwa unalisikia. "Mama, shuka. Utakufa peke yako huko kwenye baridi, na watu usiowajua." Nilikubali. Nilikuwa nimeshafunga vyungu kwa kamba. Nakuambia wewe maana nyumba ilikuwa yako kabla haijawa yetu. Uliniokota hapa mlangoni, mjane na kikapu cha ndagala za ziwani, homa imenishika, ukasema, "Huyu hapandi, hashuki, huyu analala." Nikalala. Nikaamka, miaka imepita.

Desturi zako zote nilizishika, isipokuwa ile ya fimbo. Kila mgeni akiingia, kabla hajakaa, ulikuwa unampokea fimbo yake kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Wao walidhani ni heshima. Heshima ilikuwepo, lakini mimi nilikujua. Asubuhi ukungu ukiukalia mlima, fimbo zote ziko chini ya kitanda chako, na wewe umekaa juu yake. Sasa nani atapanda kwenye utelezi ule bila fimbo? Mwanamume wa huku hata kwa jirani haendi mikono mitupu. Wao wanapiga kelele, wewe unasema, "Fimbo yako iko inalala. Ikiamuka nitakuambia." Unamkumbuka yule muuza majembe aliyekuita mchawi? "Muchawi gani anakupa maharage?" Akala. Akaomba tena.

Mimi sikuweza. Hofu ninayo, kifua sina. Wewe ulipoondoka, mtu akitaka fimbo yake nampa, kisha nasimama mlangoni nasikiliza mpaka mbwa anyamaze.

Sasa sikia. Juma lililopita alikuja Feruzi. Feruzi wangu, kitinda mimba. Ameandikwa mpagazi wa Wadachi, wanapeleka mizigo nchi ya juu, na hakuwa ameniambia. Nilimwona tu anainama mlangoni na sanduku kichwani. "Shikamoo mama," kama mtu anayetoka sokoni. Unamjua mwenyewe, mtoto wa ziwani yule, mvua ikinyesha Minago yeye anakohoa Rumonge. Na unajua ni wangapi wa pwani ya ziwa wamepanda huko na mizigo hatukuwaona wakishuka. Tulikuwa tunawangoja, mimi na wewe, kila mmoja anajifanya anachambua maharage.

Nilizipokea fimbo zao, mikono miwili, nikazilaza chini ya kitanda chako. Nikawapa ugali wa muhogo na ndagala. Feruzi nikamwongeza, wenzake wakacheka, "Mama, na sisi tulizaliwa!" Nikawaongeza wote. Ndagala zikaisha.

Asubuhi nikafungua mlango, mlima hakuna. Migomba hakuna, zizi hakuna. Weupe mtupu. Na nyapara wao, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, anasema, "Haya, mizigo! Haya, fimbo!"

Dada, nilikwenda nikakaa kwenye kitanda chako.

Sauti ilinitoka kama ya kifaranga, lakini ilitoka. "Fimbo zenu ziko zinalala."

"Zinafanya nini?"

"Zinalala, baba. Zikiamka nitakuambia."

"We mama, sisi si mbuzi zako! Kule juu Bwana ananingoja mimi, hakungoji wewe." Akaja karibu, tumbaku yake naisikia puani. Nikashika mbao za kitanda. Nilijua atanisukuma. Ndipo mpagazi mmoja mzee, mvi kichwa kizima, akakaa kwenye moto bila kuambiwa. "Nyapara, kaa chini. Hii nyumba iko hivi. Yule mwingine aliniweka hapa mpaka jua la utosi." Yule mwingine ndiye wewe. Nyapara akanitazama mimi, akautazama ule weupe mlangoni. Akasema, "Basi uji uko wapi?"

Tukangoja. Ukungu ukaondoka kidogo kidogo, kwanza zizi, halafu migomba, halafu mlima. Na mlima ulikuwa vile vile. Hapakuwa na mti ulioanguka wala njia iliyokatika, hapakuwa na kitu cha kumwonyesha yule mtu nimwambie umeona. Akacheka. "Mama, umetuokoa na nini?" Wewe ungekuwa na jibu. Mimi nikaokota vibuyu vya uji. Feruzi alikuwa anaangalia chini, nikajua nimemwaibisha, mwanamume mzima kufungiwa na mama yake kama mwali.

Nikazitoa fimbo, kila mtu na yake. Ya Feruzi nikaiacha mwisho. Aibu imeshamwagika, nikaona niimalize. Nikampaka mawese kifuani mbele ya wote. Nikamfunga mabegani ngozi yako ya mbuzi. Usinikasirikie, huko uliko hakuna baridi. Nikamnyooshea fimbo yake, hakuichukua. Alishika mkono wangu pamoja na fimbo, akaurudisha kifuani kwangu.

"Iache ilale, mama. Nitakuja kuiamsha mwenyewe."

Akachukua yako. Ile ya nyuma ya mlango, yenye kifundo, uliyoilainisha kwa kiganja chako. Wakapanda. Nikaisikia ikigonga mawe, na mlio ule naujua, mpaka kwenye kona ya jiwe kubwa. Mbwa akainuka akatikisa mkia. Alidhani ni wewe unarudi. Nami, nikuambie kweli, niliangalia.

Basi sishuki. Nimevifungua vyungu. Mwanaidi atanuna, na ana haki. Mgongo unaniuma, usiku na mchana, na mbwa akibweka roho inafika mlangoni kabla ya miguu. Lakini nishuke vipi? Mtu aje kuamsha fimbo yake akute nyasi zimeota kizingitini? Usinisifu. Si nguvu hii. Ni kwamba nikijaribu kufikiri jingine kichwa kinakataa.

Nakuahidi hivi. Paa nitaliezeka, yule mzee amesema akishuka atanikatia nyasi. Kila atakayeinama mlangoni nitampokea fimbo kwa mikono miwili, na ukungu ukija nitakaa kitandani pako, wanitukane wanavyotaka. Na wewe, fimbo yako iko mkononi mwake, kwa hiyo umemshika. Usimwachie. Mgonge miguu akizubaa, mwambie kuna baridi, mwambie ale. Siku akirudi nitamtolea yake, yako nitaiweka nyuma ya mlango, halafu nitalala, Inamahoro. Mchana kweupe, hapa hapa kitandani pako, na asiwepo wa kuniamsha.

Maharage yanashika chini, nayasikia harufu. Kwaheri, dada. Nilikusomea Fatiha siku ile bila kukuuliza. Nawe ulinimwagia pombe ya babu zako kizingitini mara nyingi bila kuniuliza. Tumelipana. Ulale na amahoro.

Ni mimi,
Mama Feruzi