Binti Amepona, Mama Bado Yuko Mlangoni

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaharibu. Jumatatu daktari aliyempasua binti yangu alisema anaweza kwenda shule ya bweni, na tangu hapo mimi sili wala silali. Ana miaka kumi na mitatu, alizaliwa sehemu ya mwisho ya utumbo haina mishipa ya fahamu, choo hakitoki, tumbo likavimba kama ngoma, wakakata kipande kibovu wakaunga kizima akiwa na wiki sita, na miaka iliyofuata ikawa ya kufunga choo na kuchafua nguo, hata alipoanza darasa la kwanza nikaomba kazi ya usafi shuleni kwake, nikakabidhiwa funguo za vyoo, na kila mapumziko nasimama mlangoni nauliza, "Kimetoka?" Wiki jana akanijibu kutoka ndani, foleni nzima ikisikia, "Kimetoka mama, kinakusalimia." Walicheka, nami nikacheka, ila alipotoka akaninong'oneza kwamba mwaka mzima hajachafua nguo na bweni anakwenda. Mume wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, ananiambia, "Mke wangu, mtoto kahitimu, wewe umekariri darasa." Fomu ya bweni sijaisaini, na mwisho wa kuipeleka kwenye shule hiyo ni Ijumaa saa kumi jioni. Alhamisi saa tatu asubuhi tunarudi kwa daktari atuandikie barua ya shule, na nimepanga kumwambia bado anachafua, ili amzuie. Nakosea?

Mama Funguo

Mama Funguo,

Unakosea, na unajua, ndiyo maana umeniandikia mimi kabla ya kumwambia daktari. Ukimdanganya atatibu uongo wako, na dawa atakunywa mwanao.

Hofu yako haikutoka hewani. Nilimuuliza muuguzi wa kliniki ya upasuaji wa watoto, miaka ishirini kazini. Alisema wengi huendelea vizuri kadiri wanavyokua, lakini wapo wanaobaki na choo kigumu au kuchafua nguo siku mojamoja, hata ukubwani, kwa hiyo kliniki haiachwi. Tumbo likivimba, homa ikipanda, akiharisha choo chenye harufu kali, ni hospitali siku hiyohiyo. Nikamwuliza kuhusu akina mama wa mlangoni. Akacheka: "Hao hatuna dawa yao."

Miaka saba umeshika funguo kwa mapenzi, hilo nakupa heshima yote. Sasa unamlinda asikue. Mwambie mlezi wa bweni dalili hizo tatu, binti akiwepo, na maelezo mengine ayatoe binti mwenyewe. Tumbo ni lake. Mfungashie nguo za akiba bila hotuba. Kazi ya usafi endelea nayo ukiipenda, vyoo vina wateja wengine.

Saini fomu leo, baba yake akishuhudia. Alhamisi saa tatu asubuhi binti aingie kwa daktari peke yake, wewe subiri kwenye benchi. Ijumaa, kabla ofisi ya shule haijafungwa saa kumi, barua na fomu ziwe mezani kwa mwalimu mkuu.