Kitsa alisema imekamata

Rachida, Kitsa amekufa. Ndugu yangu mudogo, mwenye nilikunywa naye chai asubuhi.

Unajua vita imefunga barabara ya huku Kasugho, masasi ya kuwinda hapana kupatikana. Donc alikuwa anajaza mwenyewe baruti kwenye maganda ya risasi ya zamani, sababu nguruwe wa pori banamaliza mihogo.

Leo kichwa ya risasi moja ilikuwa inacheza kwenye ganda yake. Victoire, bibi yake wa ndoa, akamucheka: «Inatikisika kama jino ya mutoto.»

Kitsa akaigonga, akaisukuma ndani kabisa. «Sasa imekamata.» Imekamata, Rachida. Alisema vile.

Hamisi mwenye alikuwaka askari amenielezea: kichwa ikiingia chini sana, baruti inakosa nafasi, nguvu ya moto inapanda kupita kiasi. Alipofyatua ile risasi, bunduki ilimupasukia kwenye uso.

Batu ba kilio banauliza nani alimuua. Victoire akanivuta mukono: «Yaya, mukubwa wetu, sema ni waasi. Mutu wa kuuliwa na waasi, banamuliliaka. Wa bunduki yake mwenyewe, batamucheka.»

Nimesema ni waasi.

Banamulilia muzuri, Rachida. Mi ndiyo mwenye machozi imekataa.