Gita la Shemegi Kassim

Jumatatu, 12 Oktoba 1970

Dukani tangu asubuhi. Redio tatu, ugonjwa mmoja: mende. Nimezisafisha zote. Chai kavu, sukari haipatikani wiki hii.

Adhuhuri akaja shemegi Kassim, mume wa dada yangu Zuhura, gita kwapani. Yule daktari Mchina wa hospitali ameutazama tena uvimbe wa mkono wake wa kushoto. Lazima uvimbe ukatwe, na siku aliyopewa inaangukia ndani ya Ramadhani. Vidole viwili huenda visikunjike tena. Alinieleza hayo kama anayeeleza bei ya samaki. Mimi niliangusha bisibisi.

Anataka nimrikodi kabla. Wimbo mmoja tu, ule alioutunga mwenyewe, hauna maneno, anaoupiga nyumbani kila jioni. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Ila mwezi ukishaandama, Kassim hagusi gita mpaka Sikukuu. Hulifunga kwenye kanga ya Zuhura na kulitundika ukutani. Kwa hiyo ni kabla ya Ramadhani, au basi tena.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimetia kinasa sauti ndani ya gita. Nimekitoa katika mkono wa simu mbovu, nikakibandika kwa ndani, chini ya pale nyuzi zinapofungwa. Waya unatokea kwenye tundu dogo ubavuni. Kassim alipoona natoboa mbao alitoka nje. Simlaumu.

Kinafanya kazi! Sauti safi, ya karibu, kila uzi peke yake. Nikajisifu kwa sauti, dukani, hamna mtu. Chema chajiuza, lakini mimi sina subira hiyo.

Jumamosi, 17 Oktoba

Nimemsikilizisha Dada Zuhura majaribio. Kasema gita linalia kama debe. Nimekasirika. Anajua nini yeye, hata balbu namtilia mimi.

Jioni nikasikiliza tena. Nyuzi zipo, mbao haipo. Tumbo la gita limepotea. Kinasa kinasikia chuma tu. Debe, kweli. Sitomwambia.

Jumanne, 20 Oktoba

Nimeazima maikrofoni ya klabu ya muziki. Kuiweka mbele ya tundu la gita, inavuma tu. Nikaisogeza upande wa shingo, nikairudisha nyuma kidogo, na hapo mbao ikasikika, na joto lake. Basi: kinasa kwa ukali wa nyuzi, maikrofoni kwa mwili. Mashine yangu ya kurikodi inavichanganya vyote kwenye utepe mmoja, na vikishachanganyika havitenganishiki, kama chai na maziwa. Lazima nipatie palepale. Na utepe ninao huu mmoja. Tukikosea nafuta, tunaanza upya.

Tatizo la maikrofoni ni kwamba haichagui. Kunguru, kengele za baiskeli, muuza kahawa na vikombe vyake, jirani anayemtukana paka. Mtaa wetu huu, mtu akipiga chafya anaombewa rehema na nyumba ya tatu.

Jumapili, 25 Oktoba

Tumejaribu nyumbani kwa Kassim, chumba kinachotazama uani. Nimeziba madirisha kwa magodoro. Nimemkataza Dada kupika, kufagia, hata kuvaa viatu vya mti. Kimya kikapatikana. Wimbo haukupatikana. Vidole vilifika kila mahali palipotakiwa, lakini alikuwa anapiga kama mtu anayefanya mtihani. Mkono ukaanza kumuuma. Nimefuta.

Nadhani bado alikuwa anasikia kelele za nje. Inaniuma roho. Kila jioni anaupiga vizuri uani, Dada akihangaika na chakula, na mimi najilia tende zangu bila ya kujua nasikiliza nini.

Nimepata wazo. Siku ya vunja jungu, ya mwisho kabla ya kufunga, mtaa mzima utabeba masufuria kwenda kula Bububu na Fumba. Hatobaki mtu. Hapo ndipo.

Ijumaa, 30 Oktoba

Mwezi haukuonekana. Kesho vunja jungu. Nimelehemu upya waya wa kinasa. Naogopa.

Jumamosi, 31 Oktoba

Mtaa ulikuwa mtupu, hata yule paka hakuwepo. Majirani walimwita Dada waende pamoja, akakataa. Kwa Kassim tena, magodoro madirishani, mlango wa uani nimeuacha wazi kidogo tupate hewa, maana Kassim alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye nyuzi.

Mara ya kwanza, vibaya. Nimefuta. Mara ya pili, vibaya zaidi. Katikati aliacha, akaushika mkono. Akanambia, "Nshachoka, shemegi." Nikatoka kwenda kunywa maji, nikapita mbele ya Dada uani. Akaniona uso, akadhani tumekwisha. Akavuta mbuzi yake ya nazi, akakaa, akaanza kukuna kwa ajili ya mchuzi wa usiku.

Niliporudi Kassim alikuwa anapiga. Sikumwambia aanze. Nikaiwasha mashine mbiombio. Mshale wa kinasa umelala chini, hautikisiki. Lehemu imeachia. Kazi yangu ile yote, kimya! Nikapandisha maikrofoni peke yake. Na maikrofoni ikawa inachukua gita, na inachukua krr, krr, krr ya mbuzi kutoka uani.

Niliinuka nikamkemee Dada. Damu ilinipanda. Kisha nikamtazama Kassim. Macho kafumba, mabega yameshuka, anapiga vile anavyopiga jioni zote. Nikakaa. Nilijua nikimnyamazisha mmoja nitawapoteza wote wawili. Hata hivyo niliona uchungu, kwa sababu nilitaka rikodi safi, na hii si safi.

Akapiga mpaka mwisho. Haukupita muda, watoto waliobaki mtaa wa pili wakaanza kupiga makelele juu ya madari: mwezi! mwezi! Kassim akaliweka gita chini, akaomba kanga.

Nikamwambia ukweli: kinasa kimekufa, na mbuzi imo ndani ya utepe.

"Basi imo," akasema. Nikamuuliza kama tusikilize. "Hata kusikiliza, shemegi. Mpaka Sikukuu."

Tumekula pamoja. Mchuzi una chembe nyeusi za kifuu. Dada yangu, anayesifiwa mtaa mzima kwa tui lake jeupe! Nikamchokoza, nikamuuliza kama anatulisha makaa. Akaniongezea mchuzi.

Jumatano, 11 Novemba

Kassim amekatwa uvimbe leo. Salama. Mkono umefungwa mpaka kiwiko. Dada amekaa nje ya wodi tangu asubuhi na saumu yake, hakutaka nimpokee zamu. Utepe uko kabatini kwangu. Nimeutazama, sikuugusa. Nina hamu nao, na nina hofu nao.

Jumapili, 22 Novemba

Bendeji imetoka. Vidole viwili vimenyooka, havikunjiki. Daktari anasema mazoezi. Kassim anasema alhamdulillahi. Nimerudi dukani, nikafungua redio mbovu yote, nikashindwa kuirudisha.

Jumanne, 1 Desemba. Sikukuu Mosi

Baada ya kuswali na kuzunguka kwa jamaa, nikabeba mashine mpaka kwa Kassim. Tumekaa uani, sisi watatu. Kanzu yangu ina doa la halua tayari.

Nikawasha. Mbao ile! Pumzi yake. Vidole vikiteleza juu ya nyuzi. Na nyuma yake mbuzi, krr, krr, wala haimsumbui, inakwenda naye. Kassim alikuwa anasikiliza na mkono mbovu juu ya goti. Kinasa changu kisingechukua hata chembe ya haya. Nimekubali.

Karibu na mwisho sauti ya mbuzi inabadilika. Inakwaruza, kavu, chuma juu ya kifuu. Nyama ya nazi imekwisha, mkono bado unakuna. Hivyo mpaka uzi wa mwisho.

Utepe ukazunguka mtupu. Kassim akamuuliza mkewe, "Nazi ngapi zile?"

"Moja tu," Dada akasema. Akawa anakunja pembe ya kanga yake. "Nliogopa nikinyamaza, na wewe utanyamaza."

Kassim akanionyesha mashine kwa mkono ule mzima. Nikaurudisha utepe mwanzo.