Jiwe la Mama Lina Kiu

Nyumba ya ngazi za nje,
Chumba cha juu.
Jumapili, nguo zikiwa kambani.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Salamu zangu zikufikie popote zitakapokukuta, iwe jikoni au kazini. Hujambo? Mgongo wa shemeji umetulia, au bado anauzungumzia kama mtu anayemzungumzia mpangaji mkorofi? Na mwanetu, bibi harusi mtarajiwa, anakula vizuri au ameshaanza kujinyima ili gauni limtoshe? Mwambie mama yake mkubwa anasema gauni ndilo hupanuliwa, mtu hapunguzwi.

Sisi huku tu wazima kiasi. Mama anakula na analala, na ule mguu uliokuwa umevimba sasa uko sawa na mwenzake. Mimi nimechoka. Nalisema mapema ili usije ukahangaika kulitafuta katikati ya mistari.

Najua ulipopewa bahasha hii uliipapasa kwanza, ukitafuta kitu kigumu ndani. Hakimo. Binamu yetu dereva usimlaumu, yeye alikuja na lori lake na moyo wake safi akasema nipe hiyo pete niipeleke, nami nikamwambia atachukua barua badala yake. Ulisema kwenye simu kwamba mwaka huu tena likizo imekataliwa, kwa hiyo pete ya mama ije peke yake, mwanetu aivae siku ya arusi. Ni haki yako kuiomba. Tangu tukiwa wadogo tulijua pete ile itakuwa ya kitindamimba, na mimi sikuwahi kuinung'unikia. Lakini haiji, na sababu yake sikuweza kukueleza kwa simu mama akiwa amekaa pembeni yangu.

Nianze na kazini, maana jambo lenyewe limetokea huko. Bado nakaa kwenye kile chumba cha vito pale makumbusho, kiti kile kile cha mbao, nikiwaangalia watu wanaoangalia mawe. Watu hudhani kushinda na almasi ni raha. Almasi haisalimii. Asubuhi naikuta ilivyo, jioni naiacha ilivyo, na katikati hapo nawaambia watoto wa shule wasibandike pua kwenye kioo.

Kinachoniweka hai ni mwenzangu Funguo. Unamkumbuka, yule anayecheka kwa mabega, mwenye funguo za makabati yote kiunoni. Tunakaa kila mmoja upande wake wa mlango na tunazungumza kwa sauti ya chini kutwa nzima. Gesi yake imeisha akiwa na maharage nusu ya kuiva. Fundi viatu ana kiatu chake cha kulia tangu mvua za mwanzo na kila akienda anaambiwa kesho. Mimi namweleza foleni ya dawa za mama, sabuni niliyosahau kununua, shuka ambalo haliishi kufuliwa. Juzi alikuwa akinilalamikia ndoo zake, akasema ile ya kijani imepasuka chini na sasa inavuja. Bwana mmoja mwenye tai aliyekuwa akipita akarudi mbio kwenye kabati la zumaridi, akainama kulichungulia kwa hofu. Hatukumwambia kitu, bwana mwenyewe alikuwa amefurahi kuhofu.

Sasa kuna kabati moja lenye jiwe jeupe liitwalo opali, ukiligeuza linatoa kila rangi. Taa za mle ndani ni kali na zinakausha hewa, na jiwe lile likikauka mno hupasuka. Kwa hiyo nyuma yake, chini ya kitambaa, tunaweka gilasi ndogo ya maji ambayo wageni hawaioni. Kila asubuhi kabla milango haijafunguliwa, Funguo anafungua kabati, mimi namwaga maji ya jana na kutia mapya. Ndiyo kazi yangu pekee pale inayohitaji mikono. Nyumbani nimeisimulia mara nyingi kupita kiasi wakati wa kula, kwa kukosa habari nyingine, nikidhani hakuna anayenisikiliza.

Maana mama, mdogo wangu, siye tena yule uliyemwacha. Ulipokuja mara ya mwisho alikuwa akisahau vitu. Sasa anasahau watu. Mimi ananiita muuguzi. Siku nyingine ananisifu mbele yangu, anasema muuguzi huyu ana mikono mizuri, wazazi wake walimlea. Namjibu ahsante, naendelea kumkata kucha.

Wewe hajakusahau. Kila siku wakati wa chai anauliza kama kitindamimba ameshatoka shule. Namwambia yuko njiani. Linaniuma, sitakuficha. Mimi ninayemwogesha sina jina humu ndani, na wewe uliye mbali unaulizwa kila siku. Wenyewe walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na najua kwa simu sauti yangu inasikika nyepesi, lakini kanda hili nalibeba nikipanda ngazi.

Mchana nikiwa kazini fundi cherehani wa chini ndiye hupanda kumwangalia. Anaiacha nguo ya mteja chini ya sindano, anapanda, anamkuta mama amekaa, anateremka. Mungu amlipe, maana mimi sina cha kumlipa zaidi ya kumletea vifungo.

Basi ulipoiomba pete nikavuta sanduku chini ya kitanda na kulifungua lile kopo la peremende anamoiweka. Tupu. Nikatafuta kwenye mifuko ya koti la marehemu baba, ndani ya soksi, ndani ya foronya, nikachambua mpaka unga. Kumuuliza mama ilikuwa kazi bure, alinitazama kama nimemuuliza habari za jirani aliyehama. Nikafika mahali nikaanza kumtazama fundi cherehani kwa jicho ambalo hakustahili hata kidogo.

Jumamosi ya wiki mbili nyuma, siku yetu ya mapumziko, Funguo akaja kunisaidia. Alikuja kwa miguu, na kiatu cha kuazima, akisema kama ameweza kulinda almasi hatashindwa na pete. Tukatoa kila kitu kabatini. Alipofika rafu ya juu, nyuma ya mablanketi, mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko. Kulikuwa na pazia dogo la leso. Nyuma yake kikombe kisicho na mkono, kimejaa maji, na pembeni yake pete ya mama imelazwa juu ya kitambaa kilichokunjwa vizuri, jiwe likitazama juu. Ilipangwa kama tunavyopanga sisi.

Mama akatusikia akaja, amekasirika kweli.

"Msiguse. Jiwe hilo lina kiu."

Funguo akamuuliza kwa upole nani kamwambia.

"Binti yangu mkubwa. Analinda mawe huko makumbusho. Yasipopewa maji yanapasuka."

"Na huyo binti yako yuko wapi, mama?"

"Yuko kazini. Anachoka sana, maskini. Mkimwona mwambieni apumzike. Hili linamngoja kitindamimba, atakuja kulichukua mwenyewe."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo na blanketi mikononi. Nikalikunja, nikalikunjua, nikalikunja tena. Funguo akatoka kwenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Nililia, ndugu yangu, nikiwa nimeinamia kabati, na mama akanipigapiga mgongo akisema pole muuguzi, kazi zenu ni ngumu.

Wewe unajua na mimi najua kwamba lile jiwe ni kipande cha chupa tu. Baba aliliokota kwenye meza ya mchuuzi katikati ya vitana na vioo vya mfukoni, akamvika mama kwa mbwembwe kama vile kalichimba mwenyewe. Halihitaji maji. Hata ukilianika juani litatuzika sote. Lakini mama huamka kila asubuhi, anamwaga maji ya jana kwenye sinki, anatia mapya, anarudisha pazia. Kumbe alikuwa akifanya hivyo muda wote mimi niko bafuni nikijiandaa kwenda kufanya kitu kile kile.

Hata hivyo nilikuwa nimekuahidi. Siku chache baadaye, mama akiwa anaota jua dirishani, nikaichukua pete, nikaizungushia pamba, nikaitia kwenye mkoba ili binamu akija aikute tayari. Nikajisemea moyoni kwamba atasahau. Anasahau kila kitu, hili nalo litapita.

Asubuhi yake akaenda kabatini kama kawaida. Akavuta leso. Akakitazama kile kitambaa, akakigusa kwa kidole, na mimi nasubiri anigombeze. Heri angenigombeza. Alikwenda akamwaga maji, akakifudikiza kikombe pembeni mwa sinki, akaketi kitandani na kilemba chake kichwani kama mtu aliyeambiwa gari halipo. Uji ukapoa. Chai ikapoa.

Na siku hiyo hakuuliza kama umeshatoka shule. Nilikaa nikingoja swali lile lile ambalo limenichosha mwaka mzima, halikuja. Nikakutaja mimi mwenyewe, nikamwambia kitindamimba yuko njiani. Akaniuliza, nani?

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Kazini sikuwa mtu, Funguo alizungumza peke yake juu ya kiatu chake mpaka akachoka. Jioni niliporudi sikuvua hata viatu, niliirudisha pete juu ya kitambaa, nikaweka kikombe mahali pake bila maji, nikashusha leso. Nilikuwa na hofu kwamba nimechelewa.

Asubuhi nikasimama mlangoni mwa bafu na mswaki mdomoni. Alivuta leso. Hakushangaa, hakushukuru, alisema tu, "Kiu imekushika, eh," akaenda kuchota maji. Wakati wa chai akauliza kama umeshatoka shule. Sijawahi kufurahia swali kama nilivyolifurahia hilo.

Basi ndiyo sababu bahasha haina kitu kigumu ndani. Pete ile ndiyo imekushikilia kichwani mwa mama, na mimi siwezi kuitoa nikakutoa na wewe. Mwanetu mwambie asinune, arusi si pete. Mimi niliolewa kwa pete ya kuazima, na aliyeniazima aliniganda mpaka mwisho wa sherehe kama askari.

Lakini wewe nakuomba uje. Sikuombi utume chochote. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na nyoka huyu hangoji likizo ikubaliwe. Juzi mama alibeba kikombe akafika katikati ya chumba akasimama, hajui alikuwa akienda wapi. Nilimshika bega nikamgeuza taratibu kuelekea kabatini, akaendelea. Sijui mpaka lini kumgeuza tu kutatosha. Njoo kabla hajasahau maji yenyewe. Njoo na mwanetu, na huyo mchumba wake aje abebe mizigo tumwone tabia. Pete utaichukua kwa mkono wako kutoka mkononi mwa mama, kama alivyopanga yeye. Na mimi, ukiwa wewe jikoni, nitalala mchana mmoja mzima mlango ukiwa wazi.

Kama hutaweza, nijibu hutaweza. Usiniandikie tutaona. Hiyo ndiyo inayonichosha kuliko ngazi.

Msalimie sana shemeji, na mgongo wake pia. Msalimie mwanetu, mbusu mashavu yote mawili. Msalimie jirani yako mwenye mbwa anayekohoa. Funguo anakusalimu na anasema ndoo ya kijani imezibwa, kiatu bado. Fundi cherehani anaomba umtumie vipimo vya mwanetu, gauni atalishona yeye, na anataka vipimo vya kweli, si vya ndoto.

Mungu akulinde kazini na barabarani, akuwekee afya, akufungulie njia ya huku.

Mama yuko hapa karibu yangu. Ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia kitindamimba wako. Nikamuuliza kama ana neno. Amegeuka akalitazama kabati. Amesema nikuambie jiwe limeshakunywa leo.

Akupendaye hata akiwa hoi,

Dada yako mkubwa,
muuguzi wa mama.