Mizunguko ya Shukrani

Hyderabad, 20 Machi

Mwanangu Hymavathi,

Hujambo? Huku hatujambo, ila magoti yangu tu. Furahi! Nimekwenda kwa Mungu wa Viza, yule tunayemwomba safari za ng'ambo, nimezunguka hekalu lake mara zote mia na nane. Mtaa mzima umekula laddu zetu, vitamu vya sherehe. Injinia wa Marekani!

Baba yako

Dallas, 2 Aprili

Baba,

Nakuamkia kwa heshima. Mama hajambo? Mimi mzima wa mwili tu.

Mizunguko mia na nane ni ya kushukuru, Baba! Ya kuomba ni kumi na moja, hata mtoto wa Hyderabad anajua. Nani alikutuma ushukuru kabla ya kupewa? Bahati nasibu ya viza za kazi imechezwa na jina langu halikutoka. Huu ni mwaka wa tatu, na siruhusiwi kujaribu tena. Shahada ninayo, kampuni inanitaka, na bado nimetemwa. Kibali changu cha kukaa huku kinaisha Juni. Narudi nyumbani, na laddu zako zimeliwa bure.

Mwanao

Hyderabad, 9 Aprili

Hymavathi,

Sisi wazima. Usinifundishe dini. Unarudi wapi? Binti wa Subbarao hapo jirani amenunua nyumba Chicago, wewe uje kuburuta sanduku mbele ya mama yake? Uso wangu nitauficha wapi? Ingia chuo kingine upate viza ya mwanafunzi, kasomee hata mapishi. Bila viza, usikanyage mlango wangu.

Baba yako

Hyderabad, 14 Agosti

Baba,

Hujambo? Mama je? Mimi mzima.

Tazama vizuri barua hii imetoka wapi. Nimerudi tangu Juni. Nina kazi na chumba hapahapa mjini. Tangu Aprili hukuandika hata mstari kuniuliza niko wapi. Nina hasira nawe, Baba, na sitaificha.

Jumamosi nilikwenda hekaluni kumgombeza huyo Mungu wako. Nikakuona mbele yangu unachechemea, kadi mkononi, unatia alama kila ukimaliza mzunguko. Nikakufuata. Ulipofika kumi na moja ukasimama, ukamwambia kuhani kwa ile sauti yako ya kusikiwa na wote: "Binti yangu yuko Dallas. Mungu ambakize hukohuko."

Nilikuwa nyuma yako. Ningenyoosha mkono ningekushika bega. Sikuunyoosha.

Safari hii, Baba, hukukosea hesabu.

Mwanao