Mwenyekiti na Kambare Wangu

Samira, leo nimemwambia Bwana Lutufyo, mwenyekiti wa kamati ya shule, akae chini. Mtoni Kiwira, mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu.

Kambare alikuwa anaonja mnyoo. Nikalegeza mshipi, maana kabla hajameza hashikiki. Mwenyekiti, aliyekuwa ameketi kando yangu, akainuka, akaninyang'anya ufito, akavuta. Ndoano ikatoka tupu.

Halafu ananiambia, "Mwalimu, wanawake hamna subira ya kuvua." Subira, Samira. Na aliyevuta ni yeye.

Nikachukua ufito wangu, nikaweka mnyoo mwingine. Mshipi ulipocheza, akainuka tena.

"Kaa chini, mwenyekiti."

Akakaa.

Nikasubiri mshipi ukaze wenyewe, ndipo nikavuta. Alitoka kambare mrefu kama mkono wangu.

Sasa anasema kamati itaomba nihamishwe. Waombe. Kambare nimeshamkaanga, na Jumamosi narudi palepale.